Kahawa Niliyokuwa Nimpe Koku

Asubuhi ile naikumbuka kwa kidole, mwanangu, hata kabla sijaikumbuka kwa kichwa. Baridi ya masika ikishuka hapa Kamachumu, kovu hili huanza kuuma, na mimi namwona Koku amesimama mbele yangu na gambuti zake nyeupe, ananiambia, "Adela, leo kisu chako noa mwenyewe."

Nakusimulia haya kwa sababu jana ulirudi kutoka Bukoba umenyong'onyea. Nilipokuuliza ukasema kampuni imepunguza watu tena, wewe umebaki, rafiki yako Deo ameondolewa. Nikauliza kama umeshafika kwao Maruku kumpa pole. Ukasema, "Nitamwambia nini, mama? Mimi nimebaki." Halafu ukajifanya unatafuta chaja. Nimekuzaa mimi, najua unapotafuta chaja na unapotafuta pa kujificha. Sasa kaa unisikilize.

Mimi na Koku tulitoka huku Muleba tukiwa wasichana, tukaajiriwa kwenye kiwanda cha minofu ya sangara mjini Bukoba. Tulipanga chumba kimoja Hamugembe, mlango wake ukifunguka unagonga mgomba wa mwenye nyumba. Mimi nilikuwa na mkono wa kupika, yeye alikuwa na mkono wa kunoa. Basi tukagawana: mimi nafunga ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage ya mchana ya wote wawili, yeye ananoa visu vyote viwili kabla ya zamu. Kisu alichonoa Koku kilipita kati ya ngozi na nyama ya samaki kana kwamba vilikuwa vimeshakubaliana kuachana. Mimi kunoa sikuwahi kujifunza. Ya nini, na Koku yupo?

Ukumbi ule ulikuwa wa baridi na kelele, lakini tulikuwa tunacheka. Mgeni akiajiriwa, wenyeji walimsogeza karibu wakamwonyesha pa kupitisha kisu. Mtu akiumwa, wenzake walimkatia samaki wake ili asionekane amebaki nyuma. Hakuna msimamizi aliyetuamuru kufanya hivyo.

Halafu samaki wakapungua ziwani, na sisi wakaanza kutupunguza. Mara ya kwanza tulilia wote, waliokwenda na waliobaki, na meneja akatuambia imekwisha, sasa tuchape kazi. Tulimwamini. Kabla hata ya mvua za vuli wakapunguza tena. Msimamizi alipita nyuma yetu tukiwa tumeinama mezani, akawa anagusa watu bega, na kila aliyeguswa aliweka kisu chini akatoka. Tangu siku hiyo mtu akipita nyuma yako, hata kama anakwenda kunywa maji, mabega yanakaza yenyewe. Na safari hii meneja hakusema imekwisha.

Ndipo uvumi ukaanza kwamba watakaofuata ni wale wenye minofu michache kwenye mizani. Sijui nani aliuleta. Lakini ungeona, mwanangu, watu wazima wakigombania samaki wakubwa kama watoto. Mgeni akiuliza, anajibiwa, "Angalia mwenyewe." Nani amfundishe mtu atakayechukua nafasi yake kesho? Aliyeumwa akaja kazini na homa yake, akakata samaki huku anatetemeka. Kicheko kikaondoka ukumbini, minofu ikaanza kutoka imechanika, wanunuzi wakairudisha, na kila iliporudishwa tulijua kuna mabega yatakayoguswa.

Hivyo ndivyo Koku alivyofika kwenye asubuhi ile. Mama yake alikuwa mgonjwa wa kitandani, wadogo zake wanasoma kwa mshahara wake. Aliniambia bila kunitazama kwamba dakika za kuninolea zinamrudisha nyuma. Nikakichukua kisu nikakinoa nijuavyo, yaani sikukinoa. Kisu butu kinataka nguvu, na nilipotia nguvu kikateleza. Nilishonwa kidole, nikarudi kazini nimekifunga kitambaa, na kabla hakijapona bega langu likaguswa. Nilimtazama Koku wakati natoka. Alikuwa ameinama, anakata.

Hadi leo nasema alikosea. Usinione nimezeeka ukadhani nimelainika. Dakika zile angenipa.

Nikarudi hapa kwa bibi yangu aliyenilea, nikashika jembe la kibanja chetu cha migomba kwa mkono mmoja. Jumapili moja baada ya ibada nilimwona Koku anakuja katikati ya migomba, ameshika kifurushi cha sukari. Nilitoka kwa mlango wa nyuma nikamwambia bibi, "Akiuliza, mimi sipo." Bibi yangu alikuwa Mlutheri wa kweli kweli, uongo haukumpita kooni. Nikamsikia anasema kwa sauti, "Karibu, waitu, ndugu yetu. Adela yupo nyuma ya nyumba, amekununia. Kaa."

Koku akakaa. Unajua kwetu mgeni haondoki bila kutafuna akamwani, kahawa yetu hii ya kuchemsha na kukausha, na vizuri apewe na mwenyeji aliyemfuata. Bibi alimletea kwenye kikapu kidogo. Koku akasema, "Asante, bibi. Nitasubiri nipewe na Adela." Niliyasikia hayo nikiwa nimeegemea ukuta, na mdomo nimeukaza. Alisubiri mpaka kivuli cha nyumba kikanifikia miguuni. Gari la mwisho la kurudi Bukoba lilipopiga honi barabarani, aliinuka akaaga. Kahawa hakuigusa.

Bibi akanifuata kule nyuma. Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha.

"Yule mtoto aliogopa," alisema. "Wewe umekasirika. Na waliowatisha ninyi wawili leo wamekula vizuri, wamepumzika. Nikuulize, Adela. Ingekuwa wewe ndiye unayejua kunoa, na mama yako ndiye yuko kitandani, ungemnolea mwenzako?"

Swali hilo, mwanangu, nimezeeka nalo.

Bibi akazifunga zile kahawa kwenye jani kavu la mgomba, akaniambia nizipeleke Hamugembe kidole kikipona. Kidole kikapona. Nikasema ngoja mavuno ya kahawa yaishe. Yakaisha, nikasema sasa ni msimu wa senene, nitakwenda wakipungua. Sababu za kutokwenda kwa mtu hazikuniishia hata siku moja. Nilipokwenda hatimaye, chumba chetu kilikuwa na wapangaji wengine. Koku naye alikuwa ameguswa bega, na alikuwa ameshaondoka Bukoba. Mwenye nyumba alisikia kwamba yuko Mwanza. Mwingine akaniambia Geita. Nimemuulizia kwa kila aliyekwenda huko, na simu zilipokuja nimemuulizia kwa simu. Sijampata. Inaniuma, sitakuficha, inaniuma kuliko hiki kidole.

Meneja naye alikuja siku moja, akakaa kwenye kiti hicho hicho unachokalia. Samaki walikuwa wamerudi ziwani na kiwanda kinatafuta mikono. Alikuwa amekonda. Nilimpa kahawa, maana mgeni ni mgeni. Alitafuna, akasema wapya anaowaajiri wanaharibu samaki, na wa zamani hawataki kuwafundisha.

"Nilidhani nabaki na walio bora," alisema. "Nimebaki na watu wanaoogopana, Adela. Na mimi wananiogopa. Nikiingia tu ukumbini, naona mabega yanakaza."

Nilimwonea huruma, ingawa sikutaka. Alipita nyumba nyingi huku Muleba, na waliokubali kurudi walikuwa wachache, mimi nikiwa miongoni mwa waliokataa. Turudi kusubiri kuguswa tena? Baadaye kiwanda kile kilifungwa. Wenyewe walipunguza watu ili wakiokoe, na mwisho wakakosa kiwanda na watu pia.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Ukirudi kazini, mwenzako akikuuliza jambo unalolijua, mwonyeshe, hata kama unaogopa. Utaogopa, ndiyo, nami sikwambii usiogope. Nakwambia umwonyeshe huku unaogopa. Na ikitokea siku moja wewe ndiye mkubwa wa mahali, na kweli fedha hakuna, basi punguza mara moja, uwaambie watu ukweli ana kwa ana, na wanaobaki waambie kwamba wamebaki. Usiwaache kila msimu wakisikiliza nyayo nyuma yao. Na siku ukipunguzwa wewe, maana siku hiyo nayo inaweza kuja, rafiki yako aliyebaki akija kukuona usitoke kwa mlango wa nyuma. Mkaripie ukitaka, una haki. Lakini mkaripie mkiwa mmekaa pamoja.

Hayo yote ni ya baadaye. La leo ni Deo. Unasema hujui utamwambia nini. Basi usimwambie kitu. Nimekufungia kahawa hapa, nilizichemsha mwenyewe, zimekauka vizuri. Najua mwenyeji ndiye humpa mgeni, na ukifika Maruku mgeni utakuwa wewe. Mpe hivyo hivyo. Atakushangaa kidogo, halafu atatafuna.

Mungu akutunzie kazi yako, na ikiondoka akutunzie watu wako. Akupe mikono isiyochoka kumwonyesha mwingine, na kila mlango utakaobisha umkute mwenyewe yupo na yuko tayari kukufungulia. Haya, inuka uende leo. Koku alinisubiri mpaka gari la mwisho, na gari lile, mwanangu, lilipiga honi mara moja tu.