Kipimo cha Vidole

Mlisha chatu wa kikundi cha ngoma pale Kasansa hana mizani. Humtoa chatu mchanga kwenye debe, akamzungushia kidole gumba na cha shahada pale alipo mnene zaidi, kisha akaupeleka mduara ule wa vidole, bila kuulegeza, hadi kwenye tenga la panya. Panya asiyepita humo anarudishwa. Anayepwaya sana anarudishwa pia. "Yule mkubwa utamtapika, mama," humwambia nyoka kwa sauti ya kubembeleza mtoto, "na huyu mdogo atakuacha na njaa." Suzana, mkewe, husikia yote kutoka jikoni. Nyoka anaitwa mama. Yeye huitwa chumvi ikipungua. Bangili aliyonunuliwa mnadani ni pana hata humchomoka akisonga ugali, na mtu aliyeinunua ndiye huyuhuyu asiyekosea unene wa panya.

Jana jioni alimkuta mumewe kachuchumaa, mduara uko hewani, pumzi kaibana. Suzana akavua bangili, akauchomeka mkono wake katikati ya vile vidole, vikaachana.

"Aa! Mama Malale, umenipotezea kipimo cha huyu!"

"Kipotee. Nipime na mimi."

"We mwanamke, unamwonea wivu nyoka?"

"Namwonea, ndiyo."

Mkono hakuutoa. Vidole vya mumewe vikabaki wazi kwa muda, kama vimesahau kazi, halafu vikajifunga polepole kwenye kifundo cha mkono wake.

Siku hiyo chatu alichelewa kula.