Sekunde Tano za Rodney

Mimi naitwa Ezironi, na kazi yangu ni mizani ya malori kwenye kiwanda cha simenti, nje kidogo ya Kasese. Dereva akizidisha kilo arobaini, namrudisha. Wananiita roho mbaya, na siwabishii. Kwa sababu hiyo hiyo Bright na wenzake walipoanza kushindanisha magari yao, Jumamosi moja moja, walinipa mimi saa na bendera. Gari sina. Nina macho tu, na mdomo usioongeza wala kupunguza.

Uwanja wetu uko karibu na Kinyamaseke, kando ya barabara ya Bwera. Lilikuwa shamba la pamba la kampuni iliyofungwa zamani, sasa ni udongo mwekundu, tumepanga matairi kuonyesha njia. Wanakuja walimu, mafundi, hata muuza dawa mmoja na Starlet yake yenye bampa iliyofungwa kwa waya. Anayepata muda bora, jina lake linaandikwa kwa rangi kwenye pipa pale mwisho. Sheria ni moja: atakayemshinda atalifuta jina hilo kwa mkono wake mwenyewe.

Kwenye pipa kulikuwa na jina la Rodney, dakika moja na sekunde thelathini na moja, tangu Januari 2016. Muda ule ni wa uongo. Nilimpa mimi.

Rodney alikuwa rafiki yangu, fundi umeme pale pale kiwandani, mtoto wa Waacholi waliokuja zamani kuchimba shaba. Siku ile ini lilikuwa limeshammaliza, mkanda wa suruali ameutoboa matundu matatu mapya. Alizunguka na kikumi chake, ile Corolla nyeupe, akasimama mbele yangu, akashindwa kufungua mlango. Akaniuliza kupitia dirishani, "Ngapi?" Saa ilisema thelathini na sita. Mdomo wangu ukasema thelathini na moja. Wiki saba baadaye tulimzika.

Nilibeba jeneza, nikala chakula cha msiba, Jumatatu nikapima malori. Sikulia. Sikusikia chochote ndani, na sijui kilienda wapi. Watu wakinipa pole naitikia kama ninavyoitikia madereva wakinipa karatasi za mzigo.

Kikumi kilibaki kwa mke wake, Lamunu, mama wa binti yao Lanyero. Mwaka uliofuata akaja nacho uwanjani. Kiti hakukisogeza. Alikiacha pale pale Rodney alipokiacha, akaweka mto mgongoni ili miguu ifike. Bright alimtania kwamba anaendesha kama amebeba mtoto. Hakucheka wala hakukasirika. Alianza na dakika mbili na zaidi, akashuka, akashuka. Februari mwaka huu wa 2018 nilibonyeza saa nikaona moja na thelathini na nne.

"Pole, Mama Lanyero," Bright akamwambia. "Bado sekunde tatu."

Mimi nikaandika thelathini na nne. Kwa haki alikuwa ameshamshinda mumewe kwa sekunde mbili. Ningesema siku ile, na sikusema. Mwoga mimi.

Agosti tukakutana tena. Jua kali, milima imejifunika mawingu kama kawaida yake, foleni ya magari tisa. Lamunu alipofika kwenye mstari aliteremsha kioo.

"Shemeji, leo kona ya kichuguu sishiki breki."

"Kichuguu gani?"

"Si iko moja tu? Nimepiga hesabu. Kwingine kote nimemaliza. Sekunde zilizobaki ziko pale."

Rodney mwenyewe alishika breki pale kila mara. Nyuma ya kichuguu kuna mtaro ambao ng'ombe akiingia hatoki. Lamunu alisema hayo kwa sauti ya mtu anayekwambia anaenda sokoni Bwera. Nikamtazama usoni, nikaona utupu ule ule ninaouona kwenye kioo nikinyoa ndevu. Nikaogopa.

Bendera ilikuwa mkononi mwangu, na bila bendera hakuna anayeondoka. Bright akapiga honi huko nyuma.

"Afande! Mutu ya mizani! Unapima mahindi huko?"

Niliinama dirishani. "Mama Lanyero, zima gari."

"Kwa nini?"

"Rodney hakupata thelathini na moja. Alipata thelathini na sita. Zile tano nilimpa mimi."

Hakuzima. Midomo yake ilikuwa inacheza kidogo, nikajua anahesabu.

"Februari nilipata ngapi?"

"Thelathini na nne."

"Kwa hiyo miezi sita yote yuko nyuma yangu," alisema, "na mimi namtafuta mbele."

Akazima gari. Bright akaja kuuliza kuna nini, nikamwambia arudi kwenye gari lake, na kwa jinsi nilivyomwambia alirudi.

"Ulipomwambia muda ule, alifanyaje?" Lamunu akaniuliza.

"Alicheka mpaka akakohoa. Alisema akifika nyumbani atakutambia."

"Alinitambia kweli." Alishika usukani kwa mikono miwili. "Wiki ile alikula."

Akashuka. Nilidhani atanipiga, na ningesimama nipigwe. Akatoa ule mto, akanishikisha. Akainama, akavuta chuma cha chini ya kiti. Kiti hakikwenda, kutu na vumbi vilikuwa vimekishika.

"Ingia nyuma, usukume," alisema.

Nikaingia kiti cha nyuma na mto wangu kwapani, nikasukuma kwa magoti. Ndipo nikalia mbele ya foleni nzima, mimi mtu wa mizani, kwa sauti, na hakuna aliyepiga honi. Kiti kikasogea.

Lamunu aliketi, akakanyaga breki kuijaribu. Mguu ulifika mpaka chini bila mto.

"Shuka ukapime, shemeji," alisema. "Na umwambie Bright atafute rangi."

Nilijipangusa uso kwa bendera, kisha nikaishusha. Kikumi kikaondoka na vumbi lake. Kilipofika kwenye kichuguu, taa za breki ziliwaka.