Baba Mdogo na Kaburi Lake

"Nyumbani kwenu mko wangapi?"

Mwalimu wa darasa la nne aliliandika swali hilo ubaoni, akatuambia tuchore nyumba zetu na mbele yake tumchore kila anayeishi humo. Nilimchora bibi yangu, ambaye sote tulimwita Dani. Nikamchora baba, mama na mdogo wangu. Nilipofika kwa baba mdogo nilikwama. Nilichora kichwa nikafuta, nikachora tena nikafuta, mpaka karatasi ikatoboka. Mwalimu alisimama nyuma yangu akauliza huyu aliye shimo ni nani. Nililifunika shimo kwa kiganja. Muhula uliotangulia tulikuwa tumemzika baba mdogo, na asubuhi ya siku hiyo ya kuchora alikuwa amenifunga kamba za viatu vya shule.

Swali hilo lilinirudia wiki iliyopita kwa sababu ya filamu. Rafiki yangu wa tangu chuo kikuu alinialika tukaitazame katika ukumbi mdogo hapa Kisumu mjini. Ilikuwa hadithi ya askari anayerudi kutoka vitani na kushindwa kuishi na watu wake. Anarusha sahani ukutani. Mlango ukibamizwa anaingia chini ya meza. Anamkaba mkewe akidhani ni adui, kisha dakika kumi za mwisho analia kifuani mwake, mvua inanyesha, na tunaelewa kwamba amepona. Watu walipiga makofi. Rafiki yangu alifuta machozi akasema, "Si angeenda tu kuona daktari mapema." Mimi nilitoka nimekasirika. Nani aliwaambia watu hawa kwamba vita hurudi nyumbani kwa kelele? Vya kwetu vilirudi kimya, vikaomba sukari, vikaosha vyombo.

Boma letu lilikuwa Dunga, karibu na ziwa kiasi kwamba upepo wa jioni uliingia jikoni na harufu ya samaki bila kubisha hodi. Dani alikuwa mkaushaji wa omena. Boti zikifika asubuhi alinunua beseni kadhaa, nasi tukaanika wale samaki wadogo juu ya nyavu kuukuu, tukiwatandaza kwa vidole mpaka ardhi ikameta kama bati jipya. Kazi yangu ilikuwa kuwafukuza ndege kwa fimbo. Bado naweza kusikia mlio ule wa omena waliokauka wakikusanywa, kama mchanga unaomwagwa kwenye karatasi.

Baba mdogo aliingia jeshini nikiwa sijaanza shule. Akapelekwa Somalia. Siku moja watu wawili wenye adabu nyingi walikuja wakamwambia Dani kwamba kambi imevamiwa, na kwamba mwanawe hajulikani alipo. Hawakusema amekufa. Hawakusema yu hai. Tulingoja mwaka na zaidi. Kisha Dani akaanza kumwota. Kila mara alimwona amesimama nje ya nyumba, analalamika baridi. Wazee wa ukoo walipoisikia ndoto hiyo walisema jambo ni wazi: kijana anataka nyumba yake ya ardhini.

Kwetu Wajaluo, mtu akipotea na mwili usipatikane, huzikwa yago badala yake. Yago ni tunda refu, zito, la rangi ya kijivu, linaloning'inia mtini kama mguu wa mtu. Mkono wa mtoto hauwezi kulizunguka. Tulilivisha shuka jeupe ambalo jirani yetu, mama mmoja kutoka upande wa Nyeri aliyeuza mitumba soko la Kibuye, alilileta akisema hilo ndilo safi kuliko yote katika bunda. Nilishika ncha ya shuka. Nililiona tunda likishuka shimoni kando ya simba ya baba mdogo, nyumba yake ya ujana, na nikasikia Dani akitoa ukemi uliowarusha ndege wote waliokuwa ufukweni. Nakueleza haya ili ujue kwamba nililia kwa dhati. Nilijua ni tunda, na nililia.

Wiki tatu baadaye baba mdogo akarudi.

Alikuja asubuhi, kwa miguu, kutoka upande wa lami. Mimi ndiye niliyemwona kwanza, na kabla ya uso niliona viatu. Vilikuwa viatu vya jeshi, vikubwa mno kwake, na alivikokota kama mtoto aliyevaa vya baba yake. Alifika langoni. Dani aliinuka kutoka kwenye omena, mikono yake ikiwaka magamba.

"Mama, ni mimi," alisema.

"Najua ni wewe," Dani akajibu. "Simama hapo hapo."

Mtu aliyezikwa haingii tu kwa lango aliloingilia tangu zamani. Akiingia, huwaletea watu wake chira, ule ugonjwa wa kukonda unaowapata waliovunja mwiko. Kwa hiyo mama na mwana walisimama, ua wa minyaa katikati yao, wakitazamana. Alisimama nje mpaka jua likafika utosini. Alisema familia ya wafugaji ndiyo iliyomficha miezi yote ile. Dani alimpikia chai, akaniagiza niiweke juu ya jiwe nje ya ua, nirudi nyuma, kisha ndipo aichukue. Alionja akauliza kama kuna sukari zaidi. Jirani yetu wa mitumba, aliyekuwa amekuja mbio na kanga begani, alishindwa kuvumilia.

"Mama, huyu ni mtoto wako," alimwambia Dani. "Maiti gani hiyo inaitisha sukari?"

Dani hakucheka. Aliniambia nipeleke sukari.

Wazee walifika mchana. Walichinja kondoo, wakakata upenyo mpya nyuma ya boma, wakamwingizia hapo. Nguo alizokuja nazo zilichomwa. Viatu alikataa kuvitoa. Walibishana naye kidogo, wakaviacha kwa sababu kulikuwa na jambo kubwa zaidi: lazima kaburi lifukuliwe, yago litolewe na kutupwa mbali, shimo lifunikwe. Mpaka hapo yeye angehesabika miongoni mwa wafu. Asingelala katika simba yake. Asingeoa. Asingekula chungu kimoja na mama yake.

Kila mtu alidhani atashika jembe mwenyewe. Yeye alisema, "Liacheni."

Walimsihi. Mchungaji naye akaja, akasema mila hizo hazina maana lakini wafukue tu ili amani irudi. Alisema, "Liacheni." Mzee mmoja akakasirika, akamwambia basi atabaki kuwa jirani wa kaburi lake mwenyewe.

"Ni jirani mzuri, mzee," baba mdogo alijibu. "Hapigi kelele."

Hivyo ndivyo tulivyoishi karibu mwaka mzima na mtu ambaye hatukujua tumhesabu wapi. Alilala katika banda la nyavu. Alikuwa na kikombe chake cha bati, Dani alikifunga uzi mwekundu kwenye kishikio ili kisichanganyike na vya walio hai, na kila asubuhi nilikiweka juu ya jiwe. Dani hakumgusa mwanawe hata kidole. Nilimwona mara nyingi akinyoosha mkono, akaurudisha na kuufuta kwenye leso yake. Dani alikonda. Jioni aliwaambia wazee kwamba mwanawe yuko mbele yake na bado anamlilia, na kwamba hajui ni adhabu ya kosa gani.

Wiki moja baada ya kurudi, vile viatu vikubwa vilitoweka. Baba mdogo akawa anatembea kwa patipati, ndala za mpira. Hakuna aliyeuliza. Aliosha sahani polepole, moja moja, akizipanga kwa ukubwa. Sisi watoto tukienda ziwani alituhesabu tukitoka, akatuhesabu tukirudi, midomo ikitikisika. Ugali wake aliukata katikati, akala nusu, akafunika nusu kwa sahani. Na kila alasiri alikaa kando ya kaburi na kikombe chake, akiongea kwa sauti ya chini. Aliongea Kiswahili. Jambo hilo lilinisumbua kuliko yote. Nyumbani tulisema Kijaluo, na Kiswahili kilikuwa cha shule na sokoni. Kama anaongea na nafsi yake, nilijiuliza, kwa nini asiongee lugha yake?

Utaniambia kwamba mtoto hawezi kuuliza hivyo, kwamba nimeliokota swali hilo ukubwani nikalirudisha nyuma. Huenda. Ninashuku kumbukumbu zangu kama ninavyoshuku za wengine. Lakini siku ya jembe naikumbuka vizuri.

Ilikuwa baada ya ile picha ya shule. Nilirudi nyumbani nimeamua kulimaliza jambo. Nililiona tunda likiingia, kwa hiyo ningelitoa, na baba mdogo angekuwa hai, na mwalimu angepata jibu lake. Dani alikuwa ufukweni. Nilichukua jembe la palizi nikaanza kuchimba. Udongo ulikuwa laini kuliko nilivyotarajia. Nilipokuwa nimefika kama magotini, jembe liliinua ncha ya mfuko wa nailoni wa bluu. Hapo mkono wa baba mdogo ukashika mpini.

Hakupiga kelele. Alilichukua jembe kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, taratibu, kidole kimoja kimoja. Uso wake ulikuwa umeloa jasho.

"Wacha, nyathina," alisema. Mwanangu. "Hapa kuna mtu."

"Ni yago tu," nikamwambia. "Mimi nililiona."

"Najua uliliona." Akapiga magoti, akaanza kurudisha udongo kwa viganja. "Kuna mtu."

Nilimwogopa kuanzia siku hiyo. Niliamini akili yake imebaki mchangani kule Somalia. Na tazama, mimi ninayejisifu kuuliza kila kitu, sikujiuliza kitu kimoja: tulizika tunda katika shuka jeupe, mfuko wa bluu ulitoka wapi?

Miezi michache baadaye akaja mama wa maziwa. Alikuwa Mkipsigisi kutoka upande wa Sondu, mrefu, mwenye kilemba cha kijani, na alibeba kibuyu cha maziwa ya mgando yenye chembe nyeusi za mkaa. Baba mdogo ndiye aliyemleta kutoka stendi. Walikwenda kwanza nyuma, upande wa simba, pamoja na Dani, nami nikaambiwa nikafukuze ndege. Walikaa huko muda mrefu. Niliposikia kilio nilidhani Dani ameumia, lakini Dani alitokea akiwa amemshika yule mgeni kiunoni, kama mtu anayemsaidia mwenzake kushuka ngazi.

Kisha Dani akafanya jambo ambalo hakunieleza hadi kufa kwake. Alileta vikombe, akamimina maziwa, akachukua kile chenye uzi mwekundu na kuukata uzi kwa meno. Akakijaza. Akatembea mpaka kwa baba mdogo, akamwekea kikombe mkononi, na mikono yake ikabaki imeifunika ya mwanawe mpaka maziwa yakaanza kumwagika.

Usiku huo baba mdogo alilala katika simba yake. Wazee walipokuja kuuliza habari ya kaburi, Dani aliwaambia kwamba kaburi lina mwenyewe, na neno hilo lisirudiwe. Walimshangaa. Mtu asiye wa ukoo hazikwi katika boma letu, kila mtu analijua hilo, na hakuna aliyefikiri kwamba Dani angeweza kumaanisha kitu kama hicho. Walidhani ni uchovu wa mama.

Mama wa maziwa aliendelea kuja, kila baada ya miezi miwili au mitatu. Nilidhani anauza.

Sasa ufukwe ule umebadilika. Mahali tulipoanika omena pana mkahawa wenye viti vya plastiki na muziki. Ua wa minyaa umekatwa, kuna ukuta wa matofali na geti la chuma, na jirani wa mitumba alirudi kwao. Baba mdogo ana mvi. Hakupona kama yule wa filamu. Bado anakata ugali katikati. Watoto wangu, nikija kuwapata, hawataujua mlio wa omena mkavu, wala hawataamini kwamba mama aliwahi kumpa mwanawe chai kwa kuiweka juu ya jiwe.

Dani alituacha mwaka jana. Siku ya mazishi mama wa maziwa alikuja, mzee sasa, akitembea kwa fimbo. Nilimpa chai, na kwa kukosa la kusema nikamuuliza maziwa yake atamuuzia nani sasa, kwa kuwa mteja wake ameenda.

Alinitazama kwa mshangao. "Kuuza? Mimi sijawahi kuuza maziwa hapa." Akaonyesha kwa fimbo kule nyuma ya simba. "Kijana yangu ako hapo."

Akanieleza, bila haraka, kwamba mwanawe na baba mdogo walilala hema moja. Kambi ilipovamiwa, mwanawe alifia kando ya mwenzake, na mwili ukabaki huko. Zaidi ya mwaka baadaye kijana mwembamba alifika kwake Sondu akakataa kiti. Alimwambia, "Mama, sina mwili wa kukupa. Lakini nina kaburi ambalo situmii."

Nilimuuliza kuna nini ndani ya mfuko wa bluu. Akasema ni viatu. Baba mdogo alikuwa amekimbia peku usiku ule, na ili aweze kuvuka mchanga arudi kwetu, alimvua mwana wa mama huyu viatu miguuni, akavivaa.