Valvu ya Sita

Mimi hakuna kitu cha injini kinachoweza kunishtua. Niliishia darasa la saba, lakini nina gereji tatu hapa Pasua, na wenye vyeti vyao wananiita mwalimu. Sasa mwezi uliopita kijana wa vyuma chakavu kasimamisha guta lake getini kwangu, na juu ya masufuria mabovu nikaona silinda hedi yenye alama tatu za tindo pembeni. Ndugu yangu, nilikaa chini kwenye vumbi.

Alama zile alizigonga baba.

Baba alitengeneza hedi za magari ya mashindano uani kwetu, kando ya migomba. Moja ilimchukua wiki tatu. Njia za hewa alizisugua kwa msasa aliouviringisha kidoleni, mpaka ndani kukateleza kama kikombe. Kisha kusaga valvu: anapaka dawa yenye chengachenga, anashika kijiti katikati ya viganja na kupekecha, kwa sauti ile ile ya mama jikoni akipekecha maharage na ndizi za kitawa. Nikifumba macho sikujua ipi ni ya chakula. Watu walimwambia mjini kuna mashine. "Mashine haina viganja," alijibu. Na alilipwa bei ya ndama wa kisasa.

Jumapili moja aliigeuza hedi aliyoimaliza, akajaza mafuta ya taa juu ya valvu, akaenda misa ya pili na mama. "Kaa hapa. Ukiona tone chini, uniambie. Hata moja."

Nilikuwa na miaka kumi. Mwenye gari alishaniahidi kwamba injini ikifungwa tu, atanipeleka hadi mji wa Mkuu, siti ya mbele, nami nilishalitangazia darasa zima. Kabla misa haijaisha, valvu ya sita ikatoa tone. Kusaga upya ni wiki nyingine. Nikalifuta kwa shati, nikaongeza mafuta palipopungua.

Baba aliporudi alipitisha kidole. "Kavu!" Akacheka, akanishika kichwa.

Mkuu nilifika. Niliwapungia mkono watoto wote wa njiani.

Siku ya mashindano, kwenye kilima cha kwenda Sanya Juu, gari likakata pumzi. Mwenye gari alikuja kumsema baba mbele ya majirani: "Fundi gani wewe? Kapekeche maharage na mkeo!"

Baba aliniangalia mimi kwanza. Halafu akamjibu, "Nilikagua mwenyewe." Akamrudishia hela yote.

Hakuletewa tena gari la mashindano. Alimalizia na pancha za baiskeli, na ile sauti ya viganja ikaisha uani. Nilipanga kumwambia nikifungua gereji ya kwanza. Kisha ya pili. Ya tatu nilimpa habari yake akiwa kitandani siku zake za mwisho, akasema hongera, nami nikamsimulia bei ya kiwanja.

Pale getini niliigeuza hedi. Valvu saba bado safi, ya sita imeungua ukingo. Kijana akaitundika kwenye mizani.

"Kilo kumi na moja, mzee, kila kilo elfu tatu. Kwa vile ni wewe, nitakupunguzia."

Mimi ninayebishania hata bei ya nati, nilimwambia asipunguze. Nikamhesabia mkononi shilingi elfu thelathini na tatu.