Kifua cha Jumamosi

Kioko alikuja Garissa kutoka Mwingi na kifua cha kuimbia besi kanisani, na kwa miaka kumi na miwili amekitumia kuchujia pamba. Hapa Waberi hakuna harusi bila fadhi, yale matakia marefu yanayopangwa sakafuni kuzunguka sebule nzima, na nyingi za mtaa huu amezijaza yeye. Wageni huketi, hula wakashiba, kisha husifu mapazia.

Chumba cha kujazia kina mlango mmoja na dirisha lililozibwa kwa gunia, maana upepo ukiingia utapeperusha mali. Mashine inasaga pamba na matambara yanayoletwa kwa lori kutoka Nairobi, na Kioko anasimama katikati ya ukungu ule mpaka jioni, anatoka na nyusi nyeupe kama babu yake. Mimi Risper nashonea foronya barazani. Vumbi likinifikia huwa limeshachoka.

Lakini usidhani tajiri wetu, Mama Ruqiya, hajali. La hasha! Kila asubuhi Kioko hupewa kikombe cha maziwa ya ngamia ili yateremshe vumbi. Vumbi linapita puani kwenda mapafuni, maziwa yanapita kooni kwenda tumboni. Watakutana wapi, kwa chifu?

Ijumaa sisi hufunga kazi kutwa. Siku hiyo Kioko hulala, hufua nguo, jioni huenda mazoezi ya kwaya na sauti yake yote. Jumamosi akirudi chumbani, haifiki saa sita kifua kimembana, anatoka nje kutafuta hewa kama aliyeibiwa. Jumapili anajikokota. Ikifika katikati ya wiki ameshazoea, hata anatania. Ijumaa nyingine ikipita, tunaanza upya.

Mama Ruqiya aliuchunguza ugonjwa huu akapata jibu. Mkristo wa bara, siku ya mapumziko, kesho yake hoi. Kuna la kuuliza tena?

"Kioko, walaal," alimwambia kwa huruma, akimwita ndugu kwa Kisomali chake, lugha isiyo na p, "wacha bombe. Bombe itakumaliza."

"Wallahi, mama, sijawahi kuonja," alisema Kioko, mtu aliyeokoka, ambaye hata soda huinusa kwanza.

Tukampeleka kwa Daktari Mwenda, kijana wa Meru mwenye kliniki yake karibu na soko. Kohozi likapimwa, hakuna TB, hongera nyingi. Daktari alipoambiwa kuhusu pamba, akakumbuka somo lake: wanaofanya kazi ya pamba hubanwa kifua siku ya kwanza baada ya mapumziko.

"Jumatatu kifua kinakubana?" akauliza.

"Hapana, daktari. Jumatatu huwa nina nafuu."

"Basi si pamba," akasema Mwenda, akaandika dawa ya kikohozi.

Alikuwa ameishi Garissa miaka mitatu, akinung'unikia kila mlango uliofungwa siku ya Ijumaa. Lakini wiki ya vitabu vyake ilibaki Meru, huanza Jumatatu hata dunia ipinduke. Kioko akanywa ile dawa, akarudi kwenye mashine, mwaka mzima ukapita.

Kilichomwokoa, kama kuokoka ndiko huku, ni kwamba daktari naye alitaka fadhi. Alizifuata Ijumaa na mkokoteni wa kukodi, akakuta kufuli. Kesho yake asubuhi akaja kutufokea.

"Biashara gani hii ya kufunga siku nzima katikati ya wiki?"

"Kila Ijumaa, daktari," nikamwambia. "Hii ya leo ndiyo siku yetu ya kwanza ya kazi."

Akafungua kinywa aendelee kufoka, kisha akamwona Kioko. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, mikono magotini, anaivuta hewa na hewa inakataa. Mwenda akahesabu siku kwa vidole, kuanzia Ijumaa. Nilimwonea huruma kidogo, kidogo sana.

"Kioko," akasema taratibu, "Jumamosi ndiyo Jumatatu yako. Ni vumbi la pamba. Ungetoka mapema kifua kingerudi chote. Kilichobaki kinaweza kuokolewa, lakini usiingie tena mle ndani hata siku moja."

Mama Ruqiya alilia machozi ya kweli, naapa. Kisha akatafuta suluhisho. Kazi ya kuuza hapo barazani, isiyo na vumbi, iko mikononi mwa Hamse, mtoto wa dada yake, na damu ni damu. Lakini nyumba ya Kioko isilale njaa.

"Bibi yako Mueni ana nguvu," akasema. "Aje achukue nafasi yako. Maziwa nitamba yeye."

Mueni akakubali, kwa sababu watoto hawali ushauri wa daktari. Alikuja asubuhi amejifunga leso puani, na nyuma yake, polepole, akisimama kila mahali penye ukuta wa kuegemea, akaja mumewe. Alimshika mkono mlangoni.

"Rudi nyumbani, Mueni. Kifua kimoja kibovu kinaitosha nyumba."

Akaivua ile leso usoni mwa mkewe, akajifunga yeye, akaingia, akavuta mlango. Mashine ikaanza kunguruma. Mueni alibaki kwenye ngazi, mikono kichwani. Mimi nilitamani kuchukua nyundo niivunjevunje mashine ile na dirisha lake na gunia lake, lakini nilikaa tu na sindano yangu, nimekasirika mpaka uzi siuoni.

Mama Ruqiya alipofika akasikia ngurumo, akauliza nani yuko ndani. Nikamwambia.

Uso wake ukang'aa. "Alhamdulillahi," akasema. "Kioko amebona."