Matundu Matatu kwenye Bega la Mzee Idi

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha upasuaji hapa Dodoma, bosi wangu, Daktari Bingwa wa Mifupa, alinipa vyuma viwili vya kuvutia nyama pembeni. "Vuta, usilegee," akaniambia. Nilivuta mpaka uzi wa mwisho ukafungwa. Enzi hizo bega lilipasuliwa kwa mkato mrefu, na kano iliyochanika, yaani ile kamba inayoshika msuli kwenye mfupa, ilishonwa tukiiona kwa macho yetu.

Baadaye nilipelekwa Kondoa, nikaenda kusoma, nikarudi mjini nikiwa bingwa. Hapo ndipo ulipokuja upasuaji wa matundu. Kamera nyembamba kama kalamu inapita tundu moja, vifaa vinapita mengine, maji yanajaza kiungo kipanuke, na daktari hatazami bega tena, anatazama runinga. Mwanzoni nilikuwa kama mtu anayejisuka mwenyewe kwa kioo: nikitaka kulia, chombo kinakwenda kushoto. Mkuu wa idara alinikuta nikifanya mazoezi kwenye bega la plastiki, akacheka.

"Daktari, umri huu unacheza gemu?"

"Nitaujua tu, mkuu," nikamjibu. Na nikaujua.

Mgonjwa nisiyemsahau ni Mzee Idi, Mrangi wa Kondoa aliyekuwa na duka la vitambaa mtaa wa Makole, hapa hapa mjini. Shelfu zake zilifika darini, na maisha yake yote aliteremsha majora kwa mkono wa kulia, mpaka kano ikachanika. Hata kwenye takbira, mkono mmoja ulifika sikioni na mwingine uliishia kifuani.

"Nirudishie mkono wangu, Daktari," alinisihi. "Duka bila mkono ni stoo."

Tulishona kano yake kwenye mfupa kwa skrubu ndogo zenye nyuzi, kazi ikaenda vizuri. Nikamwagiza mkono ukae kwenye mkanda wa shingoni wiki sita, asiinue hata kikombe.

Wiki ya pili nilipita dukani kumjulia hali. Nikamkuta amevua mkanda, mkono uko njiani kuelekea kwenye jora.

"Mzee Idi! Shusha mkono!" Hata shikamoo niliisahau.

"Mbona nimepona, mwanangu," akasema, akifunua bega. "Jirani zangu wananicheka. Wanasema sikupasuliwa, nimechanjwa tu."

Nikatazama yale makovu matatu. Kweli, yalifanana na chale za mganga, na kwetu mtu huchanjwa asubuhi, jioni yuko shambani. Nilikasirika, kisha nikaogopa. Mdharau mwiba mguu huota tende, na kano ile ikikatika tena nisingekuwa na hakika ya kuishona. Nikachukua chaki yake ya kukatia vitambaa, nikamchora mstari mrefu kutoka juu ya bega hadi katikati ya mkono, mkewe na jirani zake wakitazama.

"Zamani ningekukata hivi. Ungeinua jora na jeraha hili?"

"Thubutu!"

"Basi kazi iliyofanyika ndani ni ileile. Haya matatu ni milango tu."

Mkewe, Bi Mwanaidi, akamfunga mkanda mwenyewe. "Akivua tena, Daktari, utanisikia huko huko hospitali."

Tulipompima, kano ilikuwa bado imeshika. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Tangu siku hiyo hakuna mgonjwa wangu wa bega aliyeruhusiwa kwenda nyumbani bila kuchorwa mstari. Madaktari vijana walinicheka pembeni, lakini nilikuwa mkuu wao, wakachora.

Sasa nimestaafu. Ninyi mnaoanza leo mmezikuta kamera, na mikono yenu ni myepesi kuliko yangu. Nawaomba jambo moja: mgonjwa hatazami runinga mnayoitazama ninyi. Anatazama kovu lake, basi msimwache nalo peke yake.

Juzi nilikwenda Makole kununua kitenge. Kilichonipendeza kilikuwa shelfu ya juu kabisa. Mkono wa Mzee Idi ni mzima miaka mingi sasa, na msikitini unafika sikioni. Hata hivyo alilitazama jora, akanigeukia.

"Daktari, niteremshe?"

Machozi yalinilenga.

"Teremsha, mzee wangu."