Achari ya Chini ya Ngazi

Homa iliyomlaza Bibi mwaka huu iliondoka na ladha zote za ulimini mwake. Hakumwambia mtu. Sisi tuligundua kwa mchuzi. Tukawa tunakula chumvi yenye samaki ndani, na Baba anamaliza jagi zima la maji huku anasema, "Mashaallah, mama." Nyumba nzima waongo. Siku moja nikashindwa.

"Bibi, samaki huyu umempika au umemrudisha baharini?"

Mama akanifinya paja. Bibi akacheka, lakini vyombo vilipokwisha kuoshwa nikasikia, "Mke mwenzangu!" Ndivyo anavyoniita, maana Babu alinichumbia tangu nazaliwa.

"Naam!"

"Njoo huku stoo."

Stoo yetu ni tundu la chini ya ngazi, lina ubaridi hata wakati wa kaskazi, na humo Bibi hulaza achari zake kama watoto. Akavuta chupa ya nyuma kabisa. Ndimu zilizomo alizianika juani darini mimi bado natambaa. Sasa zimeiva hadi zimekuwa nyekundu za kuelekea weusi. Ndiyo chupa aliyomuahidi binamu yangu anayeolewa Chukwani, na harusi ilikuwa Ijumaa. Wakwe wangeionja.

"Sijui kama imeharibika," akasema kwa sauti ya chini. "Nshaionja mara mbili, naona kama nnatafuna karatasi. Wewe uso wako haujui kudanganya. Kula."

"Na nikifa?"

"Mume atabaki wangu peke yangu."

Akakifuta kijiko cha mti kwa kanga, maana tone moja la maji huozesha chupa nzima, akanipa kipande. Nikafumba macho.

"Sema basi!"

"Ngoja, Bibi, inanipiga. Kwanza chumvi. Sasa ukali. Pilipili nayo hiyo inakuja, lakini ya kizee, haina mbio."

"Na uchungu?"

Uchungu ulikuwepo. Nilitamani nisiuone.

"Upo. Kidogo."

"Mwanzo au mwisho?"

"Mwisho. Nyuma ya ulimi, kisha unaondoka."

"Unaondoka kweli? Haukai kooni?"

Nikameza mate, nikasubiri. "Umeondoka."

Bibi akashusha pumzi, akakaa juu ya gunia la mchele. "Basi imeiva. Ingeharibika, ungekaa." Machozi yakamlengalenga.

"Unalia kwa kuwa nimekupunguzia achari?"

"Toka hapa, huna adabu!"

Ijumaa shangazi, mama yake bibi harusi, alikuja kuifunga chupa kwa kitambaa, akauliza imeonjwa au vipi.

"Ina uchungu wa mwisho, unaondoka wenyewe," akajibu Bibi, kavu kabisa, kama bingwa. Mimi nilikuwa na la kusema, tena la kuchekesha sana. Nikalimeza.

Siku hizi nikitoka skuli, hata sare sijavua, naitwa jikoni. Nakabidhiwa mwiko nionje, na Bibi ananitazama uso kuliko anavyolitazama sufuria lake.